Bi Chenga na Nasaha za Baba Mkwe

Watu wa mtaani walimwita Bi Chenga kwa sababu hakuweza kuvumilia chenga hata moja kwenye picha. Kazi yake ilikuwa kuhamisha video za watu kwenye DVD, katika chumba chembamba kati ya fundi cherehani na kinyozi, na kwa miaka kumi na minane alikuwa akigombana na wateja kwa upole. Upole ulimwishia wiki ambayo mteja alikuwa wifi yake.

Wifi alitaka DVD ya baba yao akitoa nasaha kwenye harusi ya kitinda mimba, miezi mitatu kabla hajafariki. DVD hiyo ilikuwa ya kumpa mama mkwe, ambaye simu za kupapasa hataki hata kuzisikia, ila deki yake huiwasha mwenyewe.

Video ikatumwa kwa simu. Bi Chenga alipoifungua kwenye kompyuta, uso wa mzee ulikuwa vibonge vya rangi, na sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Wifi, hii imepitia simu ngapi?"

"Si nyingi. Kaka alimtumia binamu, binamu akaitupia kwenye kundi la ukoo, nami nikaichota huko."

"Na kila simu imeibana ipungue uzito. Yamebaki makapi!"

"Si una kompyuta? Isafishe."

"Nisafishe nini? Sura yenyewe haimo humu! Nitafutie kadi ya kamera."

Aliyepiga video ile ni huyo kaka, shemeji yake Bi Chenga, mtu wa kurahisisha mambo. Alikuja na flashi mkononi, anatabasamu. "Nimeshakusaidia, shemeji. Nimeipunguza isikusumbue." Bi Chenga akashika kichwa kwa mikono miwili. Zilipita siku nne za kupigiana simu mpaka kadi ikaonekana, ndani ya droo ya misumari.

Sasa picha ilikuwa safi, kila mvi inahesabika. Lakini ukoo ukaleta amri: saa nne zote za harusi ziingie kwenye diski moja. Akawaeleza kwamba diski ya kawaida hubeba saa mbili kwa raha. Ukishindilia nne, picha inakufa. Wakamwona mvivu. Akatengeneza diski mbili bila kumwuliza mtu.

Alipojaribu mara ya kwanza, mdomo wa mzee ulitangulia na sauti ikaja nyuma. Akaitoa sauti peke yake, akaipanga kwa kipimo ambacho DVD inakitaka, akairudisha. Mara ya pili, kwenye televisheni ya mama mkwe, mzee alikuwa mwembamba kama mlingoti.

"Mbona mmemkondesha?" mama mkwe akang'aka. "Watu watasema nilikuwa simlishi!"

Bi Chenga akarudi kazini akisaga meno, akarekebisha upana. Safari ya tatu mzee alitokea kama alivyokuwa. Kabla ya nasaha alisikika akinong'ona kando ya maikrofoni, maneno ambayo kwenye simu yalikuwa mkwaruzo tu: "Mama yao yuko wapi? Sianzi mpaka akae."

Mama mkwe akachukua rimoti, akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena.

"Sikujua alinisubiri," akasema. "Nilidhani alichelewa kuanza kwa sababu maikrofoni ilimgomea."

Bi Chenga alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwambia wifi na shemeji, waliokuwa wamekaa pale pale. Akayameza. Kesho yake akamtengenezea kila mmoja nakala, akafunga chumba saa sita mchana, akaenda kulala.