Kitanda cha Pamba

Lori la pamba likinipita hapa Somanda na harufu yake ya vumbi na mbegu, mkono wangu huenda wenyewe mfukoni, ilipo pampu ya pumu.

Nilipokuwa mtoto, kila msimu wa mavuno pamba ilijaa chumba nilicholala na bibi. Kwa kuwa nilikuwa mgonjwa, alinilaza juu ya lundo, mahali laini kuliko pote. Kila kifua kilipobana na kupiga miluzi, aliniongezea pamba mgongoni.

"Lala, mjukuu wangu. Mbavu zipumzike."

Pamba ilipopelekwa kuuzwa, nililala chini, kwenye ngozi ya ng'ombe. Asubuhi bibi alinitikisa kwa nguvu, machozi yakimtoka.

"Mbona kifua kimenyamaza?"

Nilikuwa nimelala tu.