Mafuta ya Furungu na Mikono ya Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha mafuta ya kunukia, nilifika mlango haujafunguliwa. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya kemia, na njia nzima kutoka Gombani niliwaza nimwamkie vipi Meneja: shikamoo au asalaam aleikum. Nikamwamkia kwa zote mbili. Akacheka, akanipeleka kwa Fundi Mkuu, Mzee Faki, aliyekuwa akiosha mafurungu.

Nawaeleza nyinyi mnaoanza kazi, mjue tulivyofanya. Furungu ni kubwa kuliko chungwa, na mafuta yake yamo kwenye vijifuko vidogo vya ganda la juu. Tulilikwaruza na kulikamua bila moto, maana moto huiharibu harufu. Katika manukato, harufu hiyo humfikia mtu kwanza na hukimbia kwanza, kwa hiyo tuliichanganya na msandali ili ikae. Asiyepata usingizi tulimwambia atie matone machache kwenye maji ya moto, avute mvuke.

"Taratibu, daktari," Mzee Faki alinitania kila nilipopima tena nilichokwisha kupima.

Lakini mafuta yaliyokamuliwa hivyo yana tabia moja: ukijipaka kisha ukakaa juani, ngozi huungua. Wateja wetu wa mwanzo walikuwa wanawake wanaosinga mabibi harusi, yaani kuwasugua mwili kwa manukato kabla ya harusi. Bibi harusi hukaa ndani siku zote za singo, jua halimwoni. Hakuna aliyedhurika.

Kisha Meneja akaamua kuyauza madukani, mafuta ya mwili kwa kila mtu. Niliandika onyo kwenye lebo: Ukijipaka, usikae juani. Likafutwa.

"Nani kisiwani atanunua mafuta yanayomkataza jua?" aliniuliza.

"Yanaunguza, Meneja."

"Wewe mwanangu umezaliwa na wasiwasi. Haya ni asilia. Andika hivyo, tena kwa herufi kubwa."

Haukupita muda, shangazi yangu Bi Mize, mkulima wa mwani kule Shumba, alinunua chupa dukani. Akajipaka mikono asubuhi, akashuka pwani. Nilimkuta kitandani, mikono imejaa malengelenge. Mwani wake umekomaa, naye hawezi kugusa maji ya chumvi. Nikamweleza aliyoyasema Meneja.

"Asilia?" akasema. "Na upupu je, umetoka kiwandani? Mwambie ajipake huo, kisha aje anivunie mwani wangu!"

Nilimwonyesha Meneja picha ya mikono ile. Akasema labda shangazi ana mzio. Nikavua koti jeupe hapo hapo, nikalitundika msumarini.

Basi nimestaafu kabla ya kuota mvi. Juzi Meneja alinipigia simu nirudi, onyo ataliweka.

"Wapi?"

"Chini ya chupa."

Chini ya chupa! Nani hupindua chupa ya mafuta iliyo wazi ili asome kitako chake? Nilimjibu liandikwe mbele, kubwa kama hilo neno ASILIA. Akasema atafikiria. Mimi hufikiria hata salamu, lakini hapa sioni la kufikiria.

Shangazi amerudi kwenye mwani, na madoa meusi hayajatoka. Akiwa dukani, mtu akiishika chupa ile, shangazi humsogelea. Hupandisha mikono ya kanzu yake mpaka kwenye viwiko, akasubiri. Chupa hurudi rafuni.