Wimbo wa Mke wa Munguakonkwa

Kaka yangu Donat ana mikono mizuri. Naanza na hilo ili mtu asiseme namwonea. Ana mikono mizuri, ana sikio ambalo mimi Mungu alininyima, na hapa Goma ukisema "yule wa piano", hakuna atakayekuuliza yupi. Basi, sifa nimemaliza. Sasa nieleze.

Sisi ni watu wa Butembo. Baba alikuwa akipakia vitunguu na maharage kwenye lori kuja kuuza Goma, na mwaka mmoja akachoka kurudi, akatuhamishia huku sote. Donat alikuwa na miaka kumi, mimi saba. Mama alituingiza kwaya ya watoto parokiani kabla nyumba haijapata hata viti. Mwalimu wa kwaya alikuwa Papa Munguakonkwa, Mshi kwa kabila, kutoka upande wa Bukavu, fundi cherehani. Nyumbani kwake alikuwa na kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi. Donat alipokiona aliacha kuimba. Mzee akamwambia akae.

Ndivyo maisha ya kaka yangu yalivyoanza. Kila siku baada ya shule, mzee anashona sare za wanafunzi, Donat anacheza. Akikosea, mzee hasemi kitu. Anasimamisha cherehani tu, anangoja, mpaka kosa lirekebishwe. Donat alifundishwa hivyo miaka mitatu, bila kofi wala tusi.

Mke wa mzee alifariki akimwacha binti wa miezi minne, Dorine, ambaye alipelekwa kulelewa na bibi yake Bukavu. Mzee akamtungia mkewe wimbo. Ulikuwa na maneno machache: tangulia polepole, nitakukuta njiani. Watoto kumi na wawili tuliuimba makaburini, siku ile moja tu, kwa sababu mzee mwenyewe hakuweza kuurudia. Miezi michache baadaye volkano ikashuka mjini. Lava ilikula kanisa, ikala nyumba ya mzee, kinanda, na daftari lake la nyimbo. Familia zikatawanyika. Kati ya wale watoto kumi na wawili, waliobaki mjini ni wawili: Donat na mimi.

Jazz ilimpata Donat ukubwani, kwenye kaseti alizoziacha mhandisi mmoja aliyepanga chumba kwetu. Mimi nilisikia mtu anayepapasa akitafuta funguo. Donat alilia. Akajifundisha peke yake, mwaka baada ya mwaka, kwenye piano ya umeme ambayo umeme wake ulikuwa wa kubahatisha. Hatimaye hoteli moja kando ya ziwa ikamchukua apige kila Jumamosi na Jumapili mchana. Akanunua suti. Wakaanza kumwita Maestro, naye akaanza kuitika.

Kisha likaja tamasha. Waandaaji walimwambia kila mpiga muziki alete kitu alichotunga mwenyewe. Donat hakuwa na kitu. Alikuwa anajua nyimbo mia mbili za watu, na zake hazikuwapo hata moja. Siku ilipofika alikaa kwenye piano, na mikono ikaenda kwenye wimbo wa mke wa mzee. Aliuvalisha jazz, akauchezesha, akaupa jina "Kituku Asubuhi", kwa jina la soko la samaki kando ya ziwa. Watu walisimama kumpigia makofi.

Redioni mtangazaji akamuuliza, "Maestro, iyi wimbo uliitunga wapi?"

"Pale Kituku," Donat akajibu, "asubui sana, nikiangalia bavuvi."

Donat haamki kabla ya saa nne. Kituku asubuhi hajawahi kuiona. Nilisikiliza maneno hayo nikiwa kwenye kibanda changu cha vitenge Birere, na nilijua palepale wimbo ni wa nani. Mteja akaniuliza kama huyo ni ndugu yangu. Nikasema, "Ni yaya wangu," ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, na nilifurahi. Tangu siku ile nikawa dada wa Maestro, na wateja wakaongezeka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka yangu ilikuwa ndefu na ina lami, na mimi nilipanda naye.

Papa Munguakonkwa hakujua. Hotelini hakuwahi kukanyaga, na redio aliiwasha kwa misa na habari. Miaka mitano ikapita hivyo.

Mwaka jana akafa Mama Laurence, mwimbaji mkongwe wa kwaya yetu. Siku ya kumtoa nyumbani, kama desturi yetu, kila mzee wa kwaya alisimama kumpa wimbo mmoja wa kumsindikiza. Donat alikuwapo, amekaa mbele na wakubwa. Mimi nilikuwa napitisha chai. Papa Munguakonkwa akasimama, akashika mgongo wa kiti, akaanza: tangulia polepole.

Hakufika mstari wa pili. Habarurema, mtoto wa marehemu, aliruka kwenye kiti chake.

"Apana, Muzee! Iyo ni muziki ya otele, ya bia na nyama ya kuchoma! Hapa tuko nalia mama yetu. Na mwenye wimbo ni huyu hapa, umuulize!"

Watu wote wakamgeukia Donat. Mzee naye akamgeukia. Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja tu. Kaka yangu akasimama, akaweka vizuri tai yake.

"Muache, Papa Habarurema," akasema. "Muzee hakufanya mubaya. Mimi namuruhusu."

Anamruhusu! Mzee aliyemfundisha kukaa mbele ya kinanda! Papa Munguakonkwa alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama utotoni aliposimamisha cherehani, kisha akakaa. Mimi nikaendelea kupitisha chai.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Donat, "Yaya, hauna hata haya?"

"Na wewe?" akanijibu. "Ulikuwa na chai mukononi. Kinywa haukuwa nayo?"

Tulikaa wiki nzima tukikwepana kama watu wenye deni. Kisha tukasikia mzee anaumwa, tukaenda pamoja, Donat na kilo mbili za sukari mkononi, kana kwamba sukari inasema samahani. Dorine, aliyekuwa amekuja kutoka Bukavu kumuuguza baba yake, alikuwa sokoni. Donat alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kulia. Mzee akamwachia alie. Kisha akamwomba auchezeshe wimbo kwenye simu, akausikiliza wote akiwa amefumba macho.

"Mukono yako ya kushoto iko nzito kwa mwisho," akasema. "Bibi yangu, mama ya Dorine, hakukuwa mutu muzito."

"Papa, unisamehe."

"Nilisha kusamehe. Ila siku yangu ikifika, muniimbie hii. Na mbele ya batu museme ni ya mama ya Dorine. Dorine hajue. Nilitaka kumuimbia mwenyewe, pumzi ikakatala."

Donat akaahidi. Nami nikaahidi.

Mzee alifariki baada ya siku kumi na moja. Kwaya ilikutana ukumbini kupanga mazishi, Dorine akiwa amebaki nyumbani msibani, na nakiri kaka yangu alijitahidi. Alisimama bila kuombwa, bila tai, akasema, "Iyi wimbo ya Kituku si yangu. Papa Munguakonkwa aliitungia bibi yake. Mimi niliiba."

Niyonsenga, mwenyekiti wa kwaya, akafuta machozi.

"Munaona mutu mukubwa?" akasema. "Sifa yote anapatia mwalimu wake."

Wakapiga makofi. Donat akapaza sauti, "Musikie! Niliiba kweli!" Wakacheka kwa upendo. Mmoja akasema kila mwanafunzi ni mwizi wa mwalimu wake, na makofi yakaanza upya.

Hapo Donat akanitafuta kwa macho. Nilikuwa mstari wa nyuma. Shahidi nilikuwa peke yangu, niliyeuimba wimbo ule kaburini nikiwa mtoto, na neno langu moja lingezima makofi. Sikuogopa. Ingekuwa woga ningejisamehe. Watu walikuwa wakinigeukia na kunitabasamia, dada wa Maestro, na nilipenda. Niliinama nikatazama viatu vyangu. Donat angeweza kusema mara ya tatu. Akakaa.

Tulimzika Jumamosi. Niyonsenga akatangaza kwamba kwaya itaimba utunzi wa Maestro Donat, kwa heshima ya mwalimu wake. Tuliuimba vizuri mno. Mimi niliimba kwa nguvu kuliko wote.

Ilipokwisha, Dorine alitujia, macho mekundu. Akamshika Donat mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa kuwashukuru wakubwa.

"Aksanti, Maestro," akasema. "Umemupatia papa wimbo muzuri sana. Mama yangu sikumujua, lakini naye angeipenda."

Donat akanitazama. Dorine akanigeukia mimi, anangoja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Angeipenda."