Mpishi wa Karamu ya Kigiriki

Kisu niliwapa mwenyewe, tena kwa mkono wa kulia. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu hapa Guangzhou, nasoma maisha ya kila siku ya Wagiriki na Warumi wa kale: walikula nini, walioga wapi, nani alibaki na vyombo. Nyumbani Morogoro ukiwaambia watu hivyo wanakupa pole. Wafanyabiashara wetu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, wao waliniuliza hao Wagiriki wa kale wanauza nini.

Kitivo kikatangaza siku ya maonyesho, nami nikasema nitaonyesha karamu ya Kigiriki. Mwalimu anayenisimamia, mama wa Kichina asiyecheka ovyo, angekuja kutazama, halafu aamue kama muhula ujao nipewe darasa nifundishe. Nililitaka lile darasa jamani. Nililitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Nikaenda kuomba msaada kwenye mkutano wa umoja wetu wa wanafunzi wa Afrika Mashariki. Nikasimama, nikajimwaga. Wanaume wa Ugiriki, nikasema, walikula wamelala, wameegemea kiwiko cha kushoto, majani kichwani, wanajadili falsafa. Na wake zao hawakuingia chumba kile kabisa.

Mwenyekiti wetu, kaka mmoja anayesomea barabara na madaraja, macho yakamng'aa. "Unaona?" akawaambia wenzake. "Hawa watu walikuwa wastaarabu!"

Papo hapo wanaume saba wakajitolea kulala. Saba! Umoja ule ule ambao ukiomba mtu wa kupanga viti, kila mmoja ana mtihani kesho.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" nikauliza.

"Jikoni, dada. Si umesema mwenyewe? Historia ni historia." Na maelezo kwa mwalimu, akaongeza mwenyekiti, atayatoa yeye, maana mwanamke hawezi kueleza mahali ambapo hakuwepo. Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Mdomo ulikuwa umekiponza kichwa.

Nguo zao nilizitafuta mimi pia. Nilikwenda soko la vitambaa la Zhongda, nikanunua pamba nyeupe. Laoban, yaani tajiri wa duka, akaniuliza kama ni ya hospitali au ya msiba. Nilikaribia kumjibu msiba.

Siku ikafika. Ilikuwa saa saba mchana katika ukumbi wa bweni, jiko liko pembeni. Waheshimiwa saba wamejitandaza kwenye magodoro, shuka juu ya jinzi, majani ya plastiki kichwani. Kwenye bakuli kubwa kuna juisi ya zabibu, kwa sababu nusu yetu ni Waislamu na nusu iliyobaki ilikuwa inaogopa chuo. Mimi na wenzangu wawili, Mkenya na Mzanzibari, tumo jikoni na pilau ya mbuzi. Baada ya dakika kumi mwenyekiti alikuwa ameshabadilisha kiwiko mara tatu.

Mwalimu akaingia. Mwenyekiti akapigapiga godoro lililoachwa wazi katikati ya wanaume. "Karibu laoshi," akamwita mwalimu kwa Kichina, "hapa ndipo pako."

Akatazama godoro. Akauliza, "Mwanafunzi wangu yuko wapi?"

"Jikoni. Wanawake hawakuhudhuria."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mgeni wa heshima."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikatoa kichwa mlangoni na mwiko mkononi. "Laoshi, mwanamke aliyekaa na wanaume kwenye karamu ile alikuwa mpiga filimbi wa kukodiwa. Au yule mwingine wa kukodiwa, ambaye mwenyekiti atakueleza."

Mwenyekiti akakohoa. Mwalimu alikuja moja kwa moja jikoni, akavuta kigoda, akaketi kati ya gunia la vitunguu na mlango, akafungua daftari lake. "Nieleze," akasema.

Basi nikaeleza huku nageuza pilau. Nilieleza chumba cha wanaume na vyumba vya wanawake, nani alichota maji, nani alisaga, nani alikula baada ya nani. Nilipokosea, alinisahihisha. Mzanzibari akawa anampa kachumbari, anamwambia, "Onja na hii, mie nimeitengeneza." Sikuwahi kuwa na mtihani mtamu kama ule.

Kule ukumbini njaa ilianza kuuma. Kisha sauti ya mwenyekiti ikaja. "Dada, chakula vipi huko?"

Adui yako muombee njaa. Nikajifuta mikono, nikaenda kusimama mbele yao. "Mwenyekiti, kwenye karamu kubwa ya Kigiriki mke hakuwapikia wageni. Walikodi mpishi sokoni, akaja na visu vyake. Alikuwa mwanamume." Nikamwachia nafasi aelewe. "Historia ni historia."

"Wacha!" Mkenya akapiga kelele jikoni. "Leo ni leo!"

Wale sita walimgeukia mwenyekiti. Njaa ikapiga kura. Akainuka, mkono wa kushoto umekufa ganzi, shuka kalibana kwa meno. Akaingia jikoni, akaikumbatia sufuria kama mtoto mgonjwa, akatoka nayo jasho likimtiririka na majani ya plastiki yamemfunika jicho moja. Mwalimu akamfuata, akainua simu, akampiga picha.

"Huyu ndiye mpishi?" akauliza.

Mwenyekiti alinitazama, akaitazama pilau. Shuka likamtoka mdomoni. "Ndiyo, laoshi."

Sitadanganya, roho yangu ilikuwa kwatu.

Darasa nilipewa. Somo la vyakula linaanza na ile picha, ukutani, kubwa, na chini yake nimeandika: mpishi wa kukodiwa. Muhula wa pili mwenyekiti alinisubiri nje ya darasa, mpole kweli kweli.

"Dada, ile picha imemfikia mama yangu. Ameniuliza kama huku nimekuja kusoma au kupika. Naomba uitoe."

"Pole sana, kaka," nikamwambia. "Lakini si unajua? Historia ni historia."