Kondoo Niliyemchagua Kitangari

Asubuhi niliondoka Masasi bila mpango, jioni nikafika Kitangari, sina pa kulala. Nikamkuta Mama Zuhura, mwenyeji wa pale, zizini kwa jirani akitafuta kondoo wa kufuga ili apate manyoya ya kufumia.

"Shikamoo, mama. Kondoo nawajua!" nikadanganya.

"Marahaba. Nichagulie, nikupe chumba."

Maji huku hayatoshi hata kunywa, nani aoshe mifugo? Mbuzi na kondoo wote walikuwa wekundu kwa vumbi. Nikapapasa, nikamtoa mwenye manyoya marefu kuliko wote.

"Kondoo huyu!"

Mkia ukasimama wima.

Mama Zuhura akacheka. "Kondoo gani anainua mkia, baba? Huyo mbuzi! Kalale naye."

Nikalala bandani. Na bado nasema: kwa manyoya, mbuzi yule aliwashinda kondoo wote.