Fundi Aliyeziba Taa

Hakuna tusi lililomchoma Magdalene wa Kamenu kama kuambiwa kwamba kona zimemshinda. Yeye! Ameendesha gari tangu kabla ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa, na hajawahi kukwaruza hata kioo. Lakini tangu gari lake litoke kwa Mwas, fundi wa pale mtaani, kila alipokata kona kwenye mvua pua ya gari ilikataa kugeuka. Gurudumu la ndani lilizunguka bure, gari likaelekea mtaroni. Mara ya pili mama yake, Mukonyo, au mwaitu kama wanawe wanavyomwita, aliyekuwa akipelekwa kliniki Ruiru, alipiga yowe na kuapa kwamba hapandi tena.

"Umezeeka, dada," akasema Kiilu, ndugu yake mdogo. "Mwaitu nitakuwa nampeleka mimi na gari yangu."

Na safari zile za kliniki ndizo zilizowapa mama na binti nafasi ya kuongea bila mtu kuwakatiza. Magdalene alilia kwa hasira, kisha akalipeleka gari Ruiru kwa fundi wa umeme wa magari.

Huyo alichomeka kompyuta, akaguna. Akamweleza kuwa gari hili lina akili yake kwenye kona: likihisi gurudumu la ndani linateleza, hulibana breki kidogo, nguvu ikahamia gurudumu la nje linaloshika barabara, na pua ikarudi ndani. Ila waya wa sensa, kile kifaa kinachohisi gurudumu likiteleza, ulikuwa umekatika, kwa hiyo gari halikuhisi kitu. Mbona basi taa ya onyo haikuwaka? Akafungua dashibodi. Taa ilikuwa imezibwa kwa tepu nyeusi.

Tepu! Na Magdalene alikuwa amelipeleka gari kwa Mwas kwa sababu ya taa hiyo hiyo! Kwa mafundi wa namna hii, taa ikizima kazi imeisha. Ni kumfunga mbwa mdomo, halafu unajisifu kwamba wezi wamekwisha. Ptuu!

Alisema waya usiungwe kwanza. Alirudi Kamenu polepole, akampigia simu Kiilu apitie kwa Mwas akiwa na mama yao. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Lakini mathe, si taa ilizima?" Mwas akacheka alipoonyeshwa ile tepu. "Customer wote hutaka hivyo."

"Sawa. Panda hapa mbele nikupitishe ile kona ya mtaro, waya ukiwa vile uliuacha. Na mwendo ule ule nilikuwa nao na mwaitu."

Mwas aliitazama barabara iliyolowa, akalitazama gurudumu. Kicheko kilimwisha.

"Zii, mathe. Hapo siwezi kaa."

Kiilu aliinamisha macho. Mlango wa gari lake ukafunguka, na Mukonyo akashuka taratibu, kitambaa chake cha kichwa kikilowa mvua.

"Kijana," akasema, "mimi nilikaa hapo."