Tangazo la Mafuriko Nililoligeuza Nyama

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, na kusema kweli ningekuwa ninyi ningecheka hata zaidi, maana aibu niliyoipata Jumamosi ile kule mtoni ni kubwa mno, mtu mmoja hawezi kuibeba peke yake, inabidi marafiki wamshikie upande mmoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, wazungu wakiuita mji wetu Stanleyville na sisi tukiuita Kisangani kama kawaida yetu, mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha asubuhi, ikipumzika kidogo mchana kama mtu aliyekwenda kula, kisha ikirudi kazini. Mimi nilikuwa planton katika ofisi moja ya serikali, yaani kijana wa kutoa makaratasi mlango huu kuyapeleka mlango ule, lakini ungeniona njiani na kaptula yangu ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukukata kidole, ungedhani ofisi ni ya baba yangu. Na kujivuna kwenyewe kulikuwa na sababu, nilikuwa nikimchumbia Bernadette, binti wa Papa Anselme, infirmier, yaani muuguzi, wa hospitali, mtu aliyekuwa akisoma gazeti la Kifaransa kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, na aliyekuwa amesema waziwazi kwamba binti yake hataolewa na mtu asiyejua Kifaransa. Bon, nikamwambia ninakijua. (Nilikuwa nimefanya kazi miezi saba jikoni kwa mzungu mmoja. Kifaransa changu chote kilitoka humo: sufuria, chumvi, haraka, mjinga wewe.)

Sasa, Ijumaa ile karani wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupita mitaani kutangaza mambo ya serikali, alikuwa amelala na homa. Mzungu wa ofisi akatoka mbio na karatasi mkononi, telegramu kutoka huko juu ya mto, akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuona mtu ila mimi.

"Unajua kusoma?"

"Oui, Monsieur!"

Akanipa karatasi pamoja na lile baragumu la bati la kutangazia, akaniambia niende mtaa wa chini, ule wa kando ya mto, niwaeleze watu kwa Kiswahili, kisha akapanda gari lake akaenda zake na mambo mengine.

Karatasi ilisema hivi, na nitaikumbuka mpaka kaburini: *Forte crue attendue samedi au beach. Riverains, prenez vos précautions.* Nikaisoma mara tatu. Samedi ninaijua, ni Jumamosi. Beach ni bandarini, kila mtu anajua. Attendue ni kitu kinachongojewa. Riverains lazima ni watu wa mtoni, na précautions ni kujitayarisha. Likabaki neno moja tu, crue, na hata hilo, jamani, nilidhani ninalijua vizuri kuliko yote! Kila siku jikoni Madame alikuwa akinipigia kelele, viande crue, viande crue, nyama mbichi usiiweke karibu na mboga. Kwa hiyo crue ni mbichi, na forte ni nguvu, wingi. Kitu kibichi kwa wingi kinangojewa Jumamosi bandarini. Na Noël, yaani Krismasi, iko karibu. Kitakuwa nini kama si nyama?

Moyo wangu ulisita kidogo, sitawadanganya. Nilipanda baisikeli ya ofisi, na njia yangu ilipita mbele ya hospitali, nikaiona baisikeli ya Papa Anselme imeegeshwa ukutani, nikasema ngoja nishuke nimuonyeshe, dakika moja tu. Mguu mmoja ulikuwa umeshagusa chini. Alors nikamwona Bernadette anatoka mlangoni, amemletea baba yake chakula, amevaa kitambaa cha bluu kichwani. Nitauliza vipi maana ya neno moja mbele ya msichana niliyemwambia kwamba Kifaransa nakiota hata usingizini? Nikaurudisha mguu kwenye pedali, nikapiga kengele kringi-kringi, nikampungia mkono kama mtu mwenye haraka za serikali, nikapita.

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibika, kwenye ile kengele.

Nilipofika mtaa wa chini nikasimama katikati ya njia, nikaweka bati mdomoni. "Sikilizeni! Kesho Samedi, kwa beach, nyama mbichi mingi inangojewa! Batu ya mutoni, mujitayarishe!"

Zikapanda kelele ambazo sijawahi kuzisikia hata siku ya mpira. Papa Sefu, fundi wa kushona, mzee wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa Kisangani tangu enzi za mababu, alisimamisha cherehani yake barazani, akavua miwani.

"Mutoto, hiyo nyama, nani alichinja?"

Swali halali kabisa. Ningeweza kujibu sijui. Lakini nilikuwa na baragumu mkononi, na mtu mwenye baragumu hasemi sijui.

"Iko mwalimu wa dini ndani ya meli, Papa. Yeye ndiye anachinja."

"Mwalimu wa wapi?"

"Wa... Basoko."

"Namujua mwalimu wa Basoko, alikufa."

"Huyu ni mupya, Papa."

Akarudisha miwani, akaridhika. Mama mmoja akauliza kama ni ng'ombe, nikasema ng'ombe pia. Pia na nini? Na mbuzi, nikasema. Kufika jioni nyama ilikuwa imeshakuwa na kiboko ndani yake, na hicho kiboko, naapa, si mimi niliyekiweka.

Mtu mmoja tu hakufurahi, Tonton Bolenge, mtu wa kabila la Wagenia, mvuvi aliyezaliwa kwenye mto huo na kuujua kama mtu anavyomjua mkewe. Nilimkuta anavuta pirogi yake, mtumbwi wa gogo, kuipandisha juu, mbali sana na maji.

"Petit, hiyo meli itakuja juu ya maji gani? Angalia rangi yake."

Nikaangalia. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa ukibeba miti mizima na mizizi yake.

"Tonton, serikali ndiyo ilisema."

"Serikali iliuliza mutoni?"

Nikamwona mzee wa zamani asiyependa maendeleo.

Jumamosi asubuhi mvua ilianza kabla ya jogoo na haikupumzika tena. Mngedhani watu wangebaki nyumbani. Wapi! Walishuka bandarini na mabeseni, na vikapu, na masufuria, mmoja alikuja na mlango wa nyumba yake ili apate mahali pa kukatia, wamejifunika majani ya migomba wanaimba. Papa Sefu alifunga kazi, akaiacha cherehani yake palepale barazani. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya sanduku na baragumu langu nikipanga mistari, mama wenye mimba mbele, vijana nyuma, acheni kusukumana. Halafu katika mstari wa pili nikamwona Bernadette na beseni kubwa (mama yake alikuwa amemtuma), ananiangalia kwa macho yale ya mtu anayeona mumewe wa kesho anaongoza taifa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ilidumu kama robo saa.

Mnajua kwamba meli zote zinatoka chini, upande wa Basoko, kwa sababu huko juu kuna maporomoko? Basi sisi wote, watu mamia kwa mamia, tulikuwa tumeelekeza nyuso upande wa chini tukitafuta moshi wa meli, na mafuriko yalikuwa yanatoka juu, yakitujia mgongoni! Maji yalipofika kwenye vidole vya miguu watu walisema ni mvua. Yalipofika kwenye vifundo wakasema mvua ya leo ni kali. Beseni moja likaanza kuelea, mwenyewe akalifuata huku anacheka. Kisha likapita paa la banda, zima, na kuku mmoja amesimama juu yake ametulia kama abiria, hapo kuimba kukaanza kupungua.

Ndipo akatokea Papa Anselme, amelowa, anasukuma baisikeli ndani ya maji. "Nani aliwaambia mukuje hapa?"

Sijawahi kuona vidole vingi vimenyooshwa kwa mara moja namna ile.

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma. Akanitazama. Akaisoma tena, pengine akitumaini kwamba imebadilika.

"Fils, uliwaambia nini?"

"Crue, Papa. Mbichi."

"Crue," akasema polepole, kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa, "ni mutoni kujaa. Banasema batu bakimbie."

Niliwaangalia watoto walio migongoni mwa mama zao, nikamwangalia Bernadette, maji yameshapita nusu ya vigimbi vyake, nikashika baragumu kwa mikono miwili. "Nyama hakuna! Nilikosea! Ni maji inakuja, mukimbie!"

Hakuna aliyesogea. Hata mmoja! Mama mmoja wa mbele akaangua kicheko: "Ah, anataka tutoke achague ya kwanza!" Mwingine akasema wa ofisi wote ni wezi, na mstari ukasogea mbele, mbele kabisa, kwenye mto! Nikalia, nikaapa, nikataja jina la marehemu mama yangu, wapi. Jana nilikuwa nimedanganya nikaaminiwa, leo nasema kweli naitwa mwizi. Papa Anselme akapiga kelele, Tonton Bolenge, aliyekuwa ameshuka kutuangalia, akapiga kelele, mvua ikawashinda. Na maji yalikuwa magotini.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilijaza kifua, nikapiga kelele ndani ya bati: "Meli imeshindwa kusimama! Nyama imepelekwa juu, Kabondo! Kwa camion, lori kubwa! Iko kwa nyumba ya Papa Anselme!"

Kwa nini Papa Anselme? Jamani, sijui. Ilikuwa nyumba ya pekee iliyokuwa kichwani mwangu.

Mlishawahi kuona mvua ya mawe inavyoanguka juu ya bati? Ndivyo walivyoondoka. Wazee wasioweza kutembea walikimbia. Vijana waliwabeba mabibi mgongoni ili wasikose sehemu ya ukoo. Tonton Bolenge na Papa Anselme na mimi tulibaki nyuma tukiwakusanya waliochelewa, na tulipofika juu na kugeuka, sanduku nililosimamia halikuonekana tena.

Kule Kabondo, ua wa Papa Anselme ulikuwa umejaa watu mpaka juu ya ukuta, na mamake Bernadette amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akilinda nyumba yake dhidi ya mji mzima uliokuwa ukimwambia atoe nyama. "Nyama gani? Nyama gani?" Masikini, alikuwa na pondu, yaani kisamvu, na ndizi za makemba tu. Papa Anselme alimwacha Tonton Bolenge apande juu ya ngazi.

"Beach haiko," Tonton akasema. "Njia ya chini haiko. Manyumba, nimeona mapaa tu."

Kila mtu akaanza kuita watoto wake, jina kwa jina, na kila jina likajibiwa, asante Mungu, kila jina. Kisha Papa Sefu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mashini yangu."

Hapo, marafiki, si kicheko tena. Cherehani ile ilikuwa ya baba yake. Kama ningetangaza vizuri, angekuwa na siku nzima ya kuihamisha, na wengine wote vitanda vyao na mikeka na kuku wao. Nilitafuta mahali pa kujificha na hapakuwepo, ua ulikuwa umejaa.

Na kama hiyo haitoshi, likaingia gari la mzungu wa ofisi. Alikuwa ametoka mtoni, ameona nyumba zimebaki mapaa tu, hakuna hata mtu mmoja aliyezama, sasa anawakuta watu wote wako juu salama. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono mbele ya halaiki, akasema maneno mengi ya Kifaransa ambayo sikuyaelewa. Watu wakamgeukia Papa Anselme awatafsirie. Papa Anselme akasafisha koo, uso mkavu kabisa.

"Anasema huyu kijana iko na akili mingi sana. Anasema wengine wote bajifunze kwake."

Aliyeanza kucheka ni Papa Sefu. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika bega asianguke, na ua mzima ukafuata, na mzungu naye akacheka bila kujua kwa nini. Mama wa Bernadette akashusha mwiko, akaweka makemba motoni, na majirani wakaleta walichokuwa nacho.

Maji yaliposhuka nilimsaidia Papa Sefu kuichimbua cherehani kwenye tope, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, kipande kwa kipande, kila Jumapili, mpaka Pasaka, na siku iliposhona tena mstari wa kwanza (uliopinda, lakini ulishona) alinipa mkono wake. Papa Anselme hakunifukuza. Alisema tu ndoa ingoje mwaka mmoja, na katika mwaka huo nije kwake kila Alhamisi kufanya dictée, yaani imla ya Kifaransa. Nilifanya dictée, mwanaume mzima, nimekaa kwenye kigoda, na mamake Bernadette akipita kuangalia makosa.

Lakini kitu kilichonimaliza kabisa alikisema Bernadette mwenyewe, baadaye sana, tumeshaoana, tunakula. Aliniuliza ile siku ya hospitali nilikuwa na haraka ya nini, nikamwambia ukweli wote, mguu, pedali na kengele. Akaacha kula.

"Crue?" akasema. "Mi nilijua. Masista balitufundisha mwaka wa tatu. Ungeniuliza tu."

Tangu siku hiyo, marafiki, nikikutana na neno nisilolijua nauliza hapohapo, kwa sauti, hata mbele ya mwanamke mzuri. Hasa mbele ya mwanamke mzuri.